Kadi ya sinema ya kila mwezi: uliza kwanza nani analipia kiti chako

SWALI: "Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kasarani. Ukumbi wa sinema ulio karibu nasi ni wa Garden City, ambako mimi hulipa Sh 800 na kila mtoto Sh 600. Kuna programu ya simu inayotangaza kifurushi cha Sh 2,400 kwa mwezi: unaingia ukumbi wowote mkubwa wa Nairobi, filamu moja kwa siku. Sharti ni ujisajili kwa miezi sita, pesa zikatwe kwenye kadi ya benki kila tarehe 1. Mwaka jana nilienda sinema mara saba tu kwa sababu ya bei. Mdogo wangu anasema nikijisajili nitaokoa pesa nyingi. Je, nijisajili?"

JIBU: Dada yangu, usijisajili na hawa. Nimeanza na jibu kwa sababu tarehe 1 haiko mbali, na sitaki usome barua ndefu huku tayari umeshabonyeza "kubali".

Sasa nieleze kwa nini, maana simaanishi kwamba kadi za sinema ni mbaya. Nimefanya kazi miaka tisa katika ukumbi mmoja wa sinema hapa Nairobi, minne kwenye dirisha la tiketi na mitano kwenye meza ya hesabu, na ninaamini kadi nzuri inaweza kumfaa mpenzi wa filamu na kuujaza ukumbi uliokuwa mtupu. Ila kuna swali moja ambalo tangazo halitakuuliza kamwe: ukishakaa kwenye kile kiti, nani amekilipia?

Chukua onyesho la Jumanne, saa tisa alasiri. Ukumbi una viti 180 na walioingia ni watu watano. Haya nimeyaona mpaka nikazoea. Mashine inawashwa vilevile, kiyoyozi kinavuma vilevile, kijana wa tochi amesimama mlangoni na mshahara wake ni uleule. Onyesho likiisha, vile viti 175 vimekwenda na siku yake; huwezi kukiweka kiti cha leo stoo ukakiuza kesho. Akitokea mtu wa sita mwenye kadi ya mwezi, ukumbi haujaongeza gharama yoyote ya maana isipokuwa fungu la mwenye filamu. Na yule mtu, kabla hajaingia, atapita mbele ya kaunta ya bisi.

Hapo kwenye kaunta ndipo riziki ya ukumbi ilipo. Pesa ya tiketi tunagawana na wenye filamu, kwa kawaida karibu nusu kwa nusu, na filamu kubwa ikiwa mpya wao huchukua zaidi ya nusu. Bisi hatugawani na mtu. Jioni ya Ijumaa nilikuwa nikifunga hesabu za madirisha mawili, la tiketi na la vitafunio, na lile la vitafunio ndilo lililokuwa likitulipia stima. Kilo moja ya mahindi ikishapasuka hujaza mifuko mingi sana, na kila mfuko una bei unayoijua mwenyewe.

Kwa hiyo ukumbi unaotoa kadi yake wenyewe una sababu ya kutaka uje kila wiki. Kuja kwako kunaujaza na kunauza bisi. Ndiyo maana kadi za namna hiyo zimedumu. Ufaransa, kampuni ya kumbi ya UGC ilianza yake mwaka 2000 na mpaka leo iko. Marekani, AMC ambao wana kumbi zao walianza Juni 2018 kwa dola 19.95 kwa mwezi, filamu tatu kwa wiki. India, PVR INOX walitoa yao Oktoba 2023 kwa rupia 699, filamu kumi kwa mwezi, lakini ilikuwa ni Jumatatu hadi Alhamisi peke yake. Itazame vizuri hiyo ya India, kwa maana imeandikwa na mtu anayejua hesabu za ukumbi: viti vya wikendi vinajijaza vyenyewe, hivyo anakupa vya katikati ya wiki ambavyo vingekaa vitupu.

Hii uliyoonyeshwa wewe ni ya mtu mwingine kabisa. Hana ukumbi, hana mashine, hana kaunta ya bisi. Ana programu ya simu. Kila utakapoingia sinema, yeye atalazimika kumlipa mwenye ukumbi. Hata akipewa punguzo, tuseme analipa Sh 600 badala ya 800, ukienda mara nne kwa mwezi Sh 2,400 zako zimekwisha. Ukienda mara ya tano, unamtia hasara. Hilo ndilo jambo ninalotaka ulielewe kuliko yote: mteja anayekitumia kifurushi kwa bidii ni hasara kwake, na faida yake inatokana na wale wanaolipa kisha wasiende.

Jambo hili lilishafanyika kwa ukubwa na mwisho wake unajulikana. Marekani kulikuwa na kampuni ya MoviePass, iliyoanzishwa 2011, nayo haikuwa na ukumbi hata mmoja. Agosti 2017, ilipoingia mikononi mwa kampuni ya Helios and Matheson, ilishusha bei hadi dola 9.95 kwa mwezi, filamu moja kila siku. Tiketi moja ya kawaida huko mwaka huo ilikuwa kama dola 9. Mteja alipewa kadi ya malipo, na kila aliposimama dirishani kampuni ilijaza kwenye ile kadi bei kamili ya tiketi. Mara mbili tu kwa mwezi, kampuni iko kwenye hasara. Walitumaini kwamba wengi wangesahau kwenda, na kwamba wenye kumbi wangekubali kuwamegea fungu la mapato. AMC walikataa hadharani.

Watu walimiminika, na nani angewalaumu? Kufikia Juni 2018 wanachama walikuwa wamepita milioni 3. Mwezi uliofuata pesa zikakauka, kadi zikakataliwa madirishani, ikabidi kampuni ikope dola milioni 5 za dharura ili huduma irudi. Agosti ahadi ikapunguzwa kutoka filamu moja kila siku hadi tatu kwa mwezi. Septemba 14, 2019 walifunga huduma, na Januari 2020 wakaingia kwenye ufilisi.

Lakini kufilisika siko kulikoniuma. Mwaka 2021, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki za wanunuzi, FTC, ilieleza kwamba kampuni ilifuta nywila za wateja 75,000 waliokuwa wakiitumia huduma kuliko wote, kisha ikawaambia kwamba akaunti zao zimeonekana kuwa na dalili za ulaghai. Mtu amelipa, anapenda filamu, anakwenda kama alivyoahidiwa, halafu anafungiwa mlango na kuitwa mshukiwa. Nilikaa dirishani miaka minne na ninaujua uso wa mtu aliyekuja na mpenzi wake au mtoto wake, amevaa vizuri, halafu tiketi yake inakataa huku foleni inamtazama mgongoni. Baadaye wakuu wawili wa kampuni hizo walikiri mahakamani makosa ya kuwalaghai wawekezaji, mmoja 2024 na mwingine 2025. Wale waliokataliwa dirishani hakuna aliyewarudishia jioni zao.

Sisemi wenye hiyo programu yako ni walaghai. Nasema wanauza kwa hesabu ileile, na hesabu hiyo itawabana wapende wasipende.

Sasa tuje kwako. Kwa karatasi, Sh 2,400 kwa Sh 800 ni filamu tatu. Ya nne ni faida. Miezi sita ni Sh 14,400, yaani tiketi 18. Mwaka jana mzima ulikwenda mara saba. Unaniambia kilichokuzuia ni bei, nami nakuamini, ila nataka tuitazame jioni yenyewe.

Ijumaa unatoka kazini, unashuka Garden City kabla ya saa moja kama Thika Road imekuonea huruma. Filamu inaanza saa moja na nusu. Matangazo yanakula robo saa. Ukitoka ni saa nne usiku, na saa hizo mama peke yake hasimami steji kungoja matatu. Unaita teksi kwa simu. Weka Sh 100 za kwenda na Sh 400 za kurudi. Bisi na soda, Sh 700. Hiyo ni Sh 1,200 kabla hatujaitaja tiketi. Ukienda mara nne kwa mwezi ni Sh 4,800, na kifurushi Sh 2,400, jumla Sh 7,200. Miezi miwili hivyo ni Sh 14,400. Safari zako zote saba za mwaka jana, tiketi yako, gari na bisi, zilikugharimu kama Sh 14,000. Utatumia kwa miezi miwili zaidi ya ulichotumia kwa mwaka, na kila mwezi programu itakuonyesha kwa herufi za kijani kwamba "umeokoa" Sh 800.

Na hapo sijawagusa watoto. Kifurushi ni cha mtu mmoja. Ukienda nao, zile Sh 1,200 zao zinabaki palepale, na bisi inakuwa mifuko mitatu. Ukienda bila wao, lazima upate mtu wa kukaa nao. Tena filamu nyingi zinazotangazwa kwa nguvu Bodi ya Uainishaji Filamu huziwekea umri wa miaka 16 au 18, kwa hiyo kuna miezi ambayo hakutakuwa na kitu cha kuwapeleka hata ungekuwa na kadi tatu.

Nani basi kadi inamfaa? Nitakuonyesha mmoja. Kwenye ukumbi wetu alikuwa akija mzee mmoja mstaafu, kila Jumatano, onyesho la saa nane mchana. Anatembea kwa miguu kutoka kwake, gazeti kwapani. Alikuwa akiketi safu ya tatu kutoka nyuma, kiti cha pembeni kwa sababu ya goti, na kofia anaiweka juu ya kiti cha jirani kama mtu aliyemwekea mwenzake nafasi. Hakununua bisi hata siku moja. Alikuja na karanga zake kwenye karatasi, nasi tukajifanya hatuoni. Aliangalia kila kitu: za Kihindi, za katuni, za kivita, na zile za kwetu ambazo zilikuwa na watazamaji watatu. Filamu ikimchosha alitoka katikati, akatupungia mkono, akaenda zake. Mtu kama huyo, anayeishi karibu, ana wakati katikati ya wiki na hachagui sana, kadi ya ukumbi wenyewe ingemwokolea pesa za kweli.

Na kuna uzuri mwingine wa kadi ambao kwangu ni mkubwa kuliko pesa. Mtu aliyelipa Sh 800 hataki kubahatisha. Anachagua filamu aliyoisikia kila mahali. Mwenye kadi hubahatisha. Filamu ya Mkenya mara nyingi hupewa maonyesho machache, tena saa ambazo watu wako kazini, na isipopata watu wikendi ya kwanza huondolewa. Watu wa kadi wangeweza kuipa filamu kama hiyo wiki ya pili. Natamani sana kuliona hilo hapa. Lakini hata hapo kuna la kuuliza: mwenye kadi akiingia kutazama filamu ya kijana wa mtaa wa Umoja, yule kijana analipwa fungu la bei gani? Wafaransa hawakuliacha hilo hivihivi. Mwaka 2001 walitunga sheria kwamba kadi hizi ziidhinishwe kwanza na taasisi yao ya taifa ya sinema, CNC, zikiwa na masharti ya kuwalinda wenye filamu na kumbi ndogo. Sisi tukizikaribisha bila kuuliza, wa kwanza kuumia watakuwa watu wetu wenyewe.

Nirudi kwenye mkataba wako, kwa kuwa sehemu mbili zake zinanitia wasiwasi hata kama kampuni ingekuwa imara.

Ya kwanza ni hiyo ya kukata kwenye kadi ya benki. Ukilipa kwa M-Pesa mwezi kwa mwezi, lazima uweke PIN yako, na ile sekunde ya kuweka PIN ndiyo nafasi yako ya kujiuliza kama mwezi uliopita ulikwenda. Kadi ya benki haikuulizi. Mwezi wa Januari watoto wanarudi shule, hujaiona sinema hata kwa dirisha, na pesa zimekatwa. Pia uliza kwa maandishi: nikitaka kujitoa, natoa taarifa kwa njia gani, siku ngapi kabla, na miezi sita ikiisha mnaendelea kukata au mnasimama? Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka mwenye kuuza kupitia mtandao akuonyeshe masharti kabla hujakubali. Akijibu kwa maneno matamu bila karatasi, umeshapata jibu.

Ya pili ni kulipia mbele kitu ambacho huenda kisikuwepo. Wewe ni mtu wa Nairobi, unaijua Odeon. Leo ukimwambia konda "nishushe Odeon" anajua ni steji, ilikuwa sinema. Globe watu wanaijua kwa ule mzunguko wa barabara, ilikuwa sinema. Fox Drive-In ya Thika Road, umbali mfupi kutoka kwako, wazazi wetu walikwenda na blanketi garini. Kumbi hufungwa, na makampuni ya programu za simu hufungwa upesi zaidi kwa sababu hayana hata viti vya kuuza. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia mwaka mzima mahali pa mazoezi kwa sababu mwezi mmoja mmoja ulikuwa ghali. Mwezi wa nne nilikuta kufuli mlangoni na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, na namba ya simu iliyoandikwa pale haikushikwa tena. Pesa hizo zilikuwa karo ya muhula mmoja. Tangu hapo sitoi malipo ya miezi mingi kwa mtu nisiyejua anapata wapi pesa ya kunihudumia.

Kuhusu simu yako, kwa ufupi: programu ikikuomba kujua ulipo muda wote, kataa. Kununua tiketi hakuhitaji hivyo. Mkuu wa MoviePass alijigamba 2018 kwamba wangeweza kuwafuatilia wateja kutoka nyumbani hadi ukumbini na walikokwenda baadaye. Watu walikasirika mpaka uwezo huo ukaondolewa kwenye programu. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kukataa taarifa zako zitumike kukuuzia vitu.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Nenda dirishani pale Garden City, siku isiyo na foleni, umwombe mhusika wa mauzo, usimwulize kijana wa tiketi aliyezidiwa. Mwulize kama wana siku ya bei nafuu katikati ya wiki, kama wana bei ya familia, na kama wanauza tiketi kwa kitita, kumi kwa mkupuo, ambazo unaweza kugawana na watoto au na huyo mdogo wako. Kitita cha ukumbi wenyewe, chenye muda wa mwaka mzima, ndicho kingekufaa kuliko vyote: mara saba zako za mwaka jana zingekuwa kumi bila kukatwa kitu mwezi ambao hukwenda. Wakikwambia hawana, waambie unataka. Nilipokuwa kwenye hesabu, maombi ya namna hiyo yalikuwa yakiandikwa, na yakifika matano kwa wiki mkubwa alikuwa anauliza.

Huku ukingoja, andika kwenye kalenda ya jikoni kila siku ambayo kweli ungeenda sinema: una nguvu, watoto wana mtu, na kuna filamu unayoitaka. Fanya hivyo miezi mitatu. Ikifika siku tisa au zaidi, niandikie tena uniambie ni kadi gani iliyopo na nani anaitoa, tuisome pamoja mstari kwa mstari.

Na hao watoto, wapeleke Jumamosi onyesho la asubuhi. Utarudi na matatu mchana, zile Sh 400 za teksi ya usiku zitasaidia kulipa tiketi ya mmoja wao, na ukumbi wa saa nne asubuhi una viti vya kutosha hata mkitaka kukaa safu ya mbele kabisa, kule ambako watoto hupenda na wakubwa hukataa.